Usiache nyanya kwanza, angalia unachoungia mchuzi

Dada, umesema daktari amekukataza ngano kwa ajili ya siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochokozwa na gluteni, yaani protini ya ngano, lakini ukila mchuzi wa nyanya tumbo bado linajaa, kwa hiyo unataka kuacha na nyanya. Nakuomba usubiri. Ugonjwa huo ninao, mwaka wa sita huu sijagusa chapati, na nyanya nakula kila siku. Nyanya yenyewe haina gluteni hata chembe. Tafuta kilichoingia sufuriani pamoja nayo.

Mimi nilinaswa na tomato, ile sosi ya nyanya ya kibanda cha chipsi. Nakula mayai na kachumbari, najua niko salama, usiku silali. Siku moja nikamuuliza mama muuzaji anaipikaje, akanieleza vizuri tu: anatia vijiko viwili vya unga wa ngano ili iwe nzito. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo soma maandishi ya nyuma, vingine vina ngano. Sosi ya soya hivyo hivyo. Na kibao kilichokatiwa mkate usikikatie nyanya. Mimi nina changu, nimekifunga utepe mwekundu, hata watoto hawakigusi.

Nyumbani kwangu mchuzi unakuwa mzito kwa nyanya yenyewe, ndiyo maana sokoni sina haraka. Nachagua zile ndefu za aina ya Roma, zina nyama nyingi na maji kidogo. Muuzaji atakusifia ngumu kwamba haziozi upesi, na ni kweli, lakini yenye kijani karibu na kikonyo ukiipika inabaki chachu. Inuse hapo kwenye kikonyo: iliyoiva inanukia. Ambazo bado, ziache kwenye ungo siku 2 au 3. Friji inaziua harufu.

Nazikata nusu, nazikwaruza kwenye kikwaruzo cha karoti mpaka ganda libaki kiganjani. Kitunguu kikianza kubadilika rangi namimina, natia chumvi, sitii maji wala sifuniki. Moto mdogo, kama dakika 20. Utaona mafuta yanajitenga pembeni, na ukipitisha mwiko njia inabaki wazi chini ya sufuria. Hapo umeiva, unga wa nini tena? Nakula na ndizi, muhogo, au ugali wa mahindi niliyosagisha kwenye mashine isiyosaga ngano.

Za kachumbari ni nyingine, za mviringo na ngumu kidogo. Chumvi na ndimu tia wakati wa kula, la sivyo zinajaa maji.

Ukishafanya hivi na tumbo bado linasumbua, rudi kwa daktari. Nyanya ina asidi, mwenye kiungulia humchoma, na hilo halihusiani na ngano. Ila kabla hujarudi, niandikie kila unachotia kwenye mchuzi wako, mpaka zile pakiti ndogo, tukipitie kimoja kimoja.