Soave na changu wa kupaka

SWALI: Shangazi, shemeji katuletea chupa ya Soave kutoka Italia. Jumapili napika changu wa kupaka. Vitaendana?
Msomaji, Nyali

JIBU: La, mwanangu. Soave ni mvinyo mweupe, mwepesi, usio mtamu, wa vilima vya mashariki mwa Verona. Angalau asilimia 70 ni zabibu za Garganega. Tui zito litaufunika kabisa, na pilipili itazidisha ukali wake. Changu mchome mkaani kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, basi. Ngisi wa kukaanga pia sawa. Upoze hadi nyuzi 8 au 10, na kwa joto letu hili chupa ikae kwenye barafu. Mimi ningeanza na viazi vya karai, ila ukwaju uweke mbali.