Presha ya siku moja si utafiti

Wadogo zangu mnaoanza tiba ya familia, kila mwaka maandiko yenu ya utafiti yanakuja na kosa lile lile la kuamini presha ya siku moja, na linauma kwa sababu kazi yenyewe mmeitolea jasho. Nalieleza katika namba 2; namba 1 na 3 ni mawaidha mengine mafupi.

1. Mwacheni mgonjwa amalize sentensi. Watafiti Beckman na Frankel waliporekodi mazungumzo ya kliniki 74, mwaka 1984, madaktari walikuwa wakimkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18.

2. Presha. Hapa tukae. Mnachukua wagonjwa waliosoma 160/100 siku moja, mnawapa somo la chumvi, mnawapima baada ya miezi 3, imeshuka, mnaandika kuwa somo limefaa. Jamani! Presha hupanda na kushuka kutwa nzima. Ukichagua watu kwa kipimo kimoja kikubwa, umemzoa na yule aliyekuja mbio na yule aliyebanwa na mkojo. Hao watashuka hata usipowaambia neno. Ndiyo maana tunadai kundi la kulinganisha, lililochaguliwa kwa kigezo hicho hicho na kugawanywa kwa kura. Kama hamliwezi, basi kipimo cha kumchagua mtu kisiwe kipimo chenu cha mwanzo: mrudisheni siku nyingine, mpimeni mara mbili, andikeni wastani. Hilo linapunguza kosa, haliliondoi.

Na mpime kweli. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, asiongee; na wewe usimwongeleshe. Mfuko wa hewa ndani ya mkanda uzunguke walau 80% ya mkono, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene humpa mtu presha asiyokuwa nayo. Hewa itoke polepole, presha ya mkanda ishuke milimita 2 za zebaki kwa sekunde.

Kisha fungueni rejista, mtazame tarakimu za mwisho tu: 140, 150, 130, 140. Mashine ya kusikilizia ina alama kila milimita 2, kwa hiyo sifuri ingeonekana kama mara 1 katika vipimo 5. Sifuri zikijaa kupita hapo, mtu anakadiria, na mgonjwa wa 138 ameandikwa 140, ameshaingizwa kwenye utafiti wenu, pengine na kwenye vidonge.

3. Mtafiti White na wenzake, 1961, walikuta hivi: kati ya watu wazima 1,000, kwa mwezi 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na 1 tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Vitabu vyenu vimemsoma huyo mmoja. Kabla ya kuagiza kipimo kwa mtu mwenye kichwa kinachouma, ulizeni kilijaribiwa kwa wagonjwa wa wapi.