Watu wa chuo wamerudi na mafomu, sisi tunabaki na nini?

SWALI: Habari dada mhariri. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Trans Nzoia. Kuna chuo kikuu kimekuja kupitia kwa chifu, wanataka niwazungushe nyumba kwa nyumba wahoji akina mama mambo ya uzazi na kupima presha. Kuna wengine walishakuja zamani, wakajaza fomu zao, wakatuachia soda na fulana, hatujawaona tena. Sahi majirani wanasema nakula pesa ya wazungu. Niwasaidie ama niachane nao?

JIBU: Pole mama, ila hao majirani wana haki ya kuuliza. Hao wa chuo nao usiwafukuze bado.

Angalia hapo Eldoret tu. Chuo Kikuu cha Moi kilishikana na chuo kikuu cha Indiana cha Marekani toka 1989, halafu 2001 pamoja na hospitali ya rufaa ya Moi wakaanzisha mpango wa AMPATH kutibu ukimwi. Sasa wakaona mtu anapewa dawa na kwake hata unga hakuna, wakaanza kulima mashamba wagawie wagonjwa chakula, yaani madaktari na maprofesa wanahangaika na mboga! Mimi hapo ndio napima chuo, kama walichosikia kwa watu kilibadilisha kazi yao ama waliendelea tu na karatasi waliyotoka nayo ofisini.

Halafu 2012 hao hao AMPATH wakaleta Chama cha MamaToto, hiki naamini unakijua: wajawazito wanakutana kikundi, wahudumu kama wewe ndio wanafundisha, na hapo hapo wanaweka akiba. Walikifanyia utafiti huko huko Trans Nzoia na akina mama wa chama walijifungulia hospitali zaidi ya wenzao. Mi sishangai, manake mama akizalia nyumbani watu husema ni ujinga, kumbe saa nane usiku hana nauli ya boda na hana wa kumwachia watoto.

Pia tusidanganyane, pesa ya Marekani ilipokatwa 2025 programu nyingi za ukimwi Kenya ziliyumba. Kwa hivyo waulize hao wageni wako, mkiishiwa pesa nani anabaki na kazi, zahanati yetu ama nyinyi?

Kabla hujapeleka mtu yeyote kwa nyumba ya mtu, omba uone kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, na cha kamati ya maadili ya utafiti, na fomu ya ridhaa iwe na namba ya simu ya hiyo kamati, iwe kwa lugha ambayo mama anaelewa. Akikataa kuhojiwa asinyimwe matibabu, hilo lisemwe wazi mbele yake. Wakipata mtu presha iko juu, wanampeleka wapi? Malipo yako nayo yatajwe barazani mbele ya chifu, kila mtu asikie ni ngapi, na tarehe ya kurudisha matokeo iandikwe siku hiyo hiyo. Wakikwepa hilo la matokeo, achana nao.