Jibu: Duka kufungwa kufuli kwa kodi ya wakati wa corona

Dada, umeuliza kama mwenye jengo Mombasa anaweza kukufungia duka kwa kodi ya miezi mitatu ya corona, nawe huna mkataba wa maandishi. Hawezi. Tena kukosa maandishi ndiko kunakokukinga: kwa Sura ya 301 ya sheria za Kenya, upangaji wa duka usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, ni upangaji unaodhibitiwa, yaani mwenye jengo hawezi kukutoa ila kwa utaratibu wa sheria hiyo.

Akitaka utoke, akupe notisi ya angalau miezi 2, kwenye fomu maalumu, yenye sababu. Ukiipata, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kwamba hukubali, kisha ufungue shauri kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara (BPRT) kabla notisi haijaiva. Hapa ndipo wengi huumia: wanaandika barua, wanasahau shauri, tarehe ikifika notisi inashika. Kufuli likishawekwa, piga picha uliombe baraza amri ya haraka ya kulifungua. Hata dalali wa mnada hakamati bidhaa zako bila idhini ya baraza.

Lakini deni lipo palepale. Muswada wa Seneti wa 2020 uliotaka kuwapa wapangaji nafuu haukuwa sheria, na kodi iliyopitisha miezi 2 bila kulipwa ni sababu halali ya kukutoa. Kwa hiyo anza kulipa kidogokidogo kwa M-Pesa, na kila ukituma fuatisha ujumbe: “Hii ni sehemu ya kodi ya Aprili.” Mapatano ya deni yawe na jumla, kiasi cha kila mwezi, na saini zenu wote wawili.