Maswali ya Waandishi: Ukoo wa Frere Town

Nimeandika sura tisa za riwaya ya ukoo wa Kikristo, kutoka kituo cha misheni cha Rabai mpaka Nyali ya leo. Vizazi saba vyote vimo, kila kimoja na wapendanao wake. Wanaonisomea rasimu wanapotea katikati. Nipunguze nini? (Msomaji, Kisauni)

Miaka iache, punguza vizazi. Tangu mmisionari Krapf atie nanga Mombasa mwaka 1844 ni kama miaka 180. Kwa miaka 26 kwa kizazi, ndiyo saba hiyo. Lakini riwaya ya maneno 90,000 ikigawanywa mara saba inawaachia wapenzi wako chini ya 13,000, na humo waposane, wakataliwe, wasali, waoane na wazae. Chagua vizazi vinne, upate 22,500 kwa kila kimoja. Vilivyobaki vipite kwa barua, kwa ubatizo mmoja, au kwa majina yaliyoandikwa ndani ya jalada la Biblia ya nyumbani.

Kabla ya kuendelea, chora jedwali: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa na kifo cha kila mhusika. Bila hilo, bibi atamlea mjukuu aliyezaliwa yeye akiwa kaburini. Na kwa kuwa wajukuu hurithi majina ya mababu, Yohana wa pili mpe lakabu tangu anapotokea mara ya kwanza.

Kijana wa Frere Town anampenda binti wa Rabai, mwaka 1887. Nimechoka na baba mkali anayekataa tu. Kikwazo cha kweli kingekuwa kipi? (Mwandishi chipukizi, Changamwe)

Kikwazo ni hiki: nani atapeleka posa?

Frere Town, makazi ya misheni ya watumwa waliokombolewa, ilianza 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Waliokombolewa majahazini wakaletwa huko walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wengi wao watoto. Kijana wako hana baba mkubwa wala mjomba wa kumtuma. Kwa wazee wa Rabai ndoa ni maneno ya koo mbili, na huyu ukoo wake ulibaki bara asikokukumbuka. Anaweza kumwomba kasisi au mwalimu wa misheni asimame kama mzee wake. Wazee watawapokea kwa heshima, kisha watauliza: akimwacha binti yetu, tumfuate nani? Swali hilo lina haki. Mwache baba wa binti aulize kwa upendo, nawe utakuwa umeachana na yule baba mkali.

Halafu kuna kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi kinachofungua mazungumzo ya mahari kwa Wamijikenda, wakiwemo Warabai. Ikiwa kijana ameapa mbele ya kanisa kutogusa pombe, akipeleka amevunja kiapo, asipopeleka amewadharau wakwe. Imani yake na mapenzi yake yamekutana mlangoni, na hapo ndipo sura yako ilipo. Tunakusihi usimtoe kwa sala inayojibiwa aya ya pili yake. Asali, kisha aamue mwenyewe, na uamuzi umgharimu kitu ambacho hakitarudi.

Mwaka uliouchagua una hatari nyingine. Rabai ilikuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliotoroka, na mabwana zao walikuwa wakiwadai. Mama wa binti akiwa mtoro, ndoa inapotangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, jina la familia linasikika na kila mtu, hata anayemtafuta. Hofu hiyo ilipungua tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watoro 1,400 walipopewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa fidia. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Ukiisogeza arusi mpaka Februari 1889, una miaka miwili ya kungoja, na kungoja ni chakula cha hadithi ya mapenzi.

Mhariri amenirudishia mswada kwa "makosa ya wakati". Niangalie wapi kwanza? (Msomaji, Likoni)

Pesa: mhusika wa 1910 analipa kwa rupia, iliyotumika mpaka 1920. Njia: hakuna wapenzi waliokutana juu ya daraja la Nyali kabla ya 1931, lilipowekwa lile la kuelea; la sasa ni la 1980. Kabla ya 1931 mkono huo wa bahari ulivukwa kwa chombo. Kanisa Kuu la Kianglikana kisiwani lilijengwa 1903 hadi 1905, basi arusi ya 1890 ipeleke kwingine.

Kosa linalojificha zaidi ni Biblia. Tafsiri ya Muungano ilikamilika 1952. Bibi anayesoma mwaka 1930 ana ile ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ya 1914, kwa hiyo aya unazomwekea kinywani zinakiliwe kutoka humo, herufi kwa herufi.