Mwanangu, hicho kicheko si chao

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Umesema ulitoka zamu ya dharura umekasirika, kwa sababu wenzako wawili walikuwa wakitaniana kando ya machela ya mtu mahututi. Ukafika nyumbani, ukafungua M*A*S*H, kile kichekesho cha zamani cha runinga ya Marekani kuhusu madaktari wa jeshi katika Vita vya Korea, kwa kuwa umenisikia nikiitaja tangu ukiwa mdogo, ukakuta madaktari wa vitani nao wanataniana huku damu ikiwafika viwiko, na watu wanaangua kicheko. Ukaniuliza: "Mama, uliwezaje kukipenda kipindi hiki? Watu wanakufa, wao wanacheka."

Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu tungekatizana.

Tuanze na hicho kicheko. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa pale akicheka. Kipindi kilipigwa picha bila watazamaji, kicheko kikabandikwa baadaye kwa sababu wenye kituo, CBS, walikitaka. Mwaka 1972 huko Marekani iliaminika kwamba kichekesho cha runinga bila kicheko hakiendi. Larry Gelbart aliyekiunda na Gene Reynolds aliyekitayarisha hawakukipenda hata kidogo. Wakabishana, mwisho wakapata jambo moja: ndani ya chumba cha upasuaji kicheko kisisikike. Rudi utazame tena, utaona. Kwenye hema la kulala kicheko kipo, kantini kipo, lakini mgonjwa akiwa mezani kimya.

Mimi nilikitazama Uingereza nilipokuwa nasomea uuguzi, na BBC ilikirusha bila kicheko hicho. Tulikuwa tunajazana sebuleni kwenye hosteli ya wauguzi, wengine bado na sare. Kwa hiyo mimi na wewe, mwanangu, hatukutazama kitu kimoja. Bila kile kicheko unamsikia Hawkeye, yule daktari anayeigizwa na Alan Alda, kwa namna nyingine kabisa. Mikono imo ndani ya tumbo la kijana, anaomba koleo, anatupa utani, hakuna anayemwitikia, anaomba uzi, anatupa mwingine. Unajua papo hapo kwamba huyu akinyamaza atapiga yowe.

Kazi ile haikubuniwa. Hospitali za namna hiyo za jeshi la Marekani, za mahema, zinazohamishika, zilifanya kazi katika Vita vya Korea, kuanzia 1950 hadi viliposimamishwa tarehe 27 Julai 1953. Majeruhi waliletwa kwa helikopta ndogo, wamefungwa kwenye machela nje yake, juu kidogo ya vyuma vya kutulia, upepo wote wao. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa kila majeruhi 100 wa Kimarekani waliofikishwa hospitalini walikufa zaidi ya 4. Korea wakawa kati ya 2 na 3. Hapo ndipo madaktari walipoanza kuunganisha kwa wingi mishipa mikubwa ya damu iliyokatika badala ya kuifunga tu, na vijana wengi wakarudi kwao na miguu yao yote miwili. Gelbart na Reynolds waliwatafuta madaktari waliokuwa huko wakawahoji, ndiyo maana sisi wa chumba cha upasuaji tulikuwa tukikitazama na kutikisa vichwa. Uchovu ule niliujua. Mtu anavua glavu anavaa nyingine, na nje bado helikopta inatua.

Sasa nikuelekeze sehemu mbili.

Ya kwanza iko msimu wa kwanza. Rafiki wa Hawkeye, mwandishi wa habari, anapita kambini, wanacheka usiku kucha. Anarudi baadaye akiwa juu ya machela, na anamfia Hawkeye mezani. Hawkeye anatoka nje kulia. Mkuu wake, Henry Blake, mtu ambaye siku zote anaonekana hana habari na lolote, anamwambia alichofundishwa na jeshi: kanuni ya kwanza ya vita ni kwamba vijana hufa, na ya pili ni kwamba madaktari hawawezi kuibadili ile ya kwanza. Halafu tazama anachofanya Hawkeye. Pale kambini kuna kijana mdogo aliyedanganya umri ili aingie jeshini, na Hawkeye alikuwa amemwahidi kumtunzia siri. Anaitoa siri ile, kijana arudishwe kwao. Kijana anaapa kumchukia maisha yake yote. Hawkeye anamtakia chuki ndefu yenye afya. Hata sasa nikikumbuka maneno yale nafurahi, maana ule ni utani wa mtu anayetaka mwenzake aishi.

Ya pili ilirushwa Machi 1975, vita vya Vietnam vikiwa bado havijaisha. Blake amemaliza muda wake, anavaa suti ya kiraia, anaagwa kwa vifijo. Kisha tunarudishwa kwenye upasuaji. Radar, karani, anaingia bila barakoa na wanamkaripia avae. Anasoma ujumbe: ndege ya Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Hakuna anayeacha alichoshika. Machozi yanalowesha barakoa na mikono inaendelea kushona. Kinasikika chombo kikianguka chini, na hicho kilimponyoka mtu kweli wakati wa kupiga picha, wakakiacha. Watazamaji wengi waliandika barua za hasira, kwamba kichekesho hakifanyi hivyo. Sisi pale sebuleni hakuna aliyeinuka kuzima runinga.

Kipo kilichoniudhi pia, na sitakuficha. Misimu ya mwanzo wauguzi ni wasichana wa kukimbizwa tu, na mkuu wao, Margaret Houlihan, anafanywa kichekesho kwa sababu anataka kazi ifanywe sawasawa. Loretta Swit aliyemwigiza alipigania mhusika wake akue, na akakua. Kuna siku, msimu wa tano, Margaret anawaambia wauguzi wake kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kikombe cha kahawa. Mwanangu, mimi nimekuwa sista mkuu wa zamu. Maneno yale nayajua yanatoka wapi. Na Wakorea wenyewe, wenye nchi na wenye msiba, mara nyingi wanapita nyuma ya picha tu. Haikuwa haki, na ukiliona hilo uko sahihi kuliona.

Sasa wenzako. Jiulize walikuwa wanamtania nani. Hawkeye anamtania jenerali, anatania chakula, anaitania vita, anajitania mwenyewe. Kijana aliyelala mezani ni nadra sana kumgusa kwa utani. Ndivyo tulivyoishi na sisi chumba cha upasuaji miaka yote. Tulicheka mashine mbovu, tulicheka ratiba, tulichekana wenyewe kwa wenyewe. Aliyemcheka mgonjwa, awe daktari bingwa au mfagizi, alitolewa nje, na mimi nimewahi kumtoa mtu. Kama wenzako walikuwa wanamcheka yule mtu wa kwenye machela, hasira yako ni ya haki na uwaambie usoni. Kama walikuwa wanachekana wao, waache, na siku moja ukae nao.

Lakini usije ukadhani utani unatosha. Kipindi chenyewe hakikusema hivyo. Kilidumu miaka 11 kwa vita vya miaka 3, na sehemu ya mwisho, Februari 1983, ilitazamwa na Wamarekani karibu milioni 106. Ndani yake Hawkeye amelazwa kwa maradhi ya akili. Kuna jambo alilishuhudia kwenye basi, na akili imelifunika kwa kisa cha kuku. Daktari Sidney Freedman anamkalisha, anamrudisha kwenye basi lile taratibu, siku baada ya siku, hadi aseme ni nini hasa alichokiona. Mtani mkubwa kuliko wote kambini, na ilibidi atokee mtu wa kumsikiliza. Kwa hiyo mambo ya usiku ule hujanimalizia, nimesikia kwenye sauti yako. Nipigie Jumapili, uniambie yote, hata yale unayodhani yatanitisha.

Kuna diski zake zenye sehemu ya kuchagua kuondoa kicheko, zitafute hizo. Na ile ya mwisho usiitazame ukitoka zamu ya usiku. Ingoje uje huku likizo, tuitazame pamoja.

Mama yako