Maswali ya Wasomaji: PS5 ya Diski au Isiyo na Diski?

SWALI: Ndugu mhariri, nina PS4, mashine ya kuchezea gemu ya PlayStation, pamoja na diski nyingi ambazo mimi na wadogo zangu tumezikusanya kwa miaka kadhaa. Nimedunduliza fedha za kununua PS5, mashine iliyoifuata, na muuzaji ananishauri nichukue isiyo na sehemu ya kuingizia diski, kwa kuwa ni ya bei nafuu na, kwa maneno yake, diski zimepitwa na wakati. Je, niufuate ushauri huo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usiufuate. PS5 isiyo na sehemu ya diski haitasoma hata diski yako moja ya PS4, ilhali yenye sehemu hiyo huzicheza karibu zote. Mashine hizi zilipoanza kuuzwa Marekani mwezi Novemba 2020, yenye diski iliuzwa kwa dola 499 na isiyo nayo kwa dola 399, wakati gemu mpya za PS5 nyingi zilikuwa zikiuzwa kwa takriban dola 70 kila moja. Ukilazimika kununua upya gemu mbili tu ambazo tayari unazo nyumbani kwa diski, nafuu yote uliyoipata dukani inaweza kuwa imekwisha.

Jambo linalonisumbua zaidi ni duka la mtandaoni lenyewe, ambalo mwenye mashine isiyo na diski hana budi kulitegemea. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, na Kenya na Uganda pia hazimo. Wachezaji wetu hufungua akaunti za Marekani, Uingereza au Falme za Kiarabu na kununua kadi za malipo za nchi hizo, ingawa masharti yanamtaka mtumiaji ataje nchi anayoishi kwa ukweli. Udhaifu wa hali hiyo ulionekana wazi Mei 2024, Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, ilipotangaza kwamba wanaocheza gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation: gemu hiyo iliondolewa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo haufiki, zikiwemo za kwetu. Sony iliondoa sharti la akaunti baada ya siku chache kutokana na hasira za wachezaji, lakini tulikwisha kujionea jinsi mtu anavyoweza kufungiwa mlango kwa sababu tu ya mahali anapoishi. Akaunti ya ugenini ikifungwa, au ukipoteza nenosiri pamoja na barua pepe uliyoitumia, gemu zote ulizolipia zinaweza kupotea nayo. Diski iliyo kwenye kabati lako haiulizi wewe ni wa nchi gani.

Tazama pia yaliyoipata FIFA 23, gemu ya mpira wa miguu. Mkataba kati ya kampuni ya EA na shirikisho la FIFA ulipomalizika, mchezo huo pamoja na matoleo yaliyoutangulia uliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2023. Asiyekuwa ameununua mapema hana tena duka rasmi la kuupakua, lakini diski zake bado zinauzwa, zinaazimwa na kubadilishwa mtaani, na watu wawili wenye pedi mbili wanaweza kucheza mechi bila kuwa na bando. Kwangu mimi uhuru huo wa kuazimana na kuuziana ndio ulioufikisha mchezo huu kwa vijana wengi wa mitaa yetu ambao wasingemudu bei ya gemu mpya, na ninaupigania kwa moyo wote.

Sikatai kwamba gemu ya kupakua haichubuki, tena wakati mwingine hupunguzwa bei sana. Hata hivyo gemu kubwa huweza kuzidi GB 80, na sijui mzazi gani wa Morogoro atakayefurahia kulipia bando la kiasi hicho kila mwezi.

Kama fedha haitoshi, ikague vizuri mashine unayouziwa. Ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 huweza kuongezewa kisomadiski kinachouzwa peke yake, nawe utaitambua kwa mfuniko wa kila upande kugawanyika vipande viwili, kukiwa na mstari kati yake. Isiyo na diski ya mwaka 2020 ina mfuniko mzima kila upande, na hiyo haiongezewi kitu. Kumbuka pia kwamba kisomadiski hicho huhitaji intaneti mara moja, siku ya kukifunga.

SWALI: Je, nikiwa na diski mkononi, kampuni inaweza bado kunizuia kucheza?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa baadhi ya gemu, ndiyo, na ni dhuluma. Mchezo wa magari wa The Crew, uliotoka mwaka 2014, ulihitaji kuunganishwa na seva (kompyuta kuu za mtandaoni) za Ubisoft, kampuni iliyoutoa, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, wenye diski walibaki na diski zisizocheza kitu. Jimbo la California limepitisha sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayomtaka muuzaji wa gemu za kupakua amweleze mteja waziwazi pale anapouziwa leseni tu, yaani ruhusa ya kuutumia mchezo bila kuumiliki, lakini sheria hiyo haiwashi seva iliyokwisha kuzimwa.

Kwa hiyo soma nyuma ya kasha, kwa kuwa mchezo unaohitaji intaneti wakati wote kwa kawaida huandikwa hivyo. Ukinunua diski iliyotumika, mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine yake, akate intaneti, kisha aanzishe mchezo mbele yako. Mchezo ukikataa kufunguka hata katika sehemu ya mchezaji mmoja, mrudishie diski yake.